Wanzuki wa Kumzuia Mzungu

Wewe jana ulijifanya unakung'uta tope kwenye kandambili, lakini gari uliliona. Ndivyo ulivyo. Kinu cha pamba kilipobinafsishwa ulikuwa unanyoa ndevu. Ghala lilipokwenda ulikuwa msibani.

Landrova ilikuwa imezama mpaka ekseli, ng'ambo ya Mwamapalala. Mvua inapiga, mzungu anapiga picha.

"Kaja kununua lambo letu," Mwenyekiti Januarius aliwaambia wanakijiji. "Kiangazi ng'ombe watakunywa wapi? Asilione. Mnywesheni wanzuki nyumba hadi nyumba, kama watalii wanavyozungushwa kuonja mvinyo kwenye mizabibu huko kwao."

"Mwenyekiti, huyu ni mtalii tu," alisema Mabula, dereva wa mzungu kutoka Lamadi. "Mvua imemzuia kuingia mbugani. Anatembea akionja pombe za wenyeji."

"Wote husema hivyo. Twendeni, hata wachunga ng'ombe! Asibaki mtu bondeni."

Wakalisukuma gari mpaka kwa Domitila, mpika wanzuki. Hapo kwetu mgeni hanyanyuki kibuyu kikiwa na kitu, na Domitila alihakikisha hakiishi. Mzungu akaonja pombe ile ya asali, akafumba macho, akasema inanukia maua.

"Hao ni nyuki, baba. Kanywe na kwa Nyanjige, ulinganishe."

Kwa Nyanjige ngoma ikapigwa kwenye matope. Mzungu akacheza, akaanguka, akasema "wabeja" kumshukuru aliyemwinua, akaanguka tena. Alipouliza ni nini kile kinachong'aa kule bondeni, uwanja mzima ukajibu kwa pamoja:

"Mvua!"

"Mbona Mwenyekiti hatumwoni?" Mabula aliuliza.

"Yuko na vibarua wake, anajenga zizi," alijibu Nyanjige. "Mwache, yule hata harufu ya pombe haipendi. Haya, kunywa."

Jioni mzungu alilazwa kiti cha nyuma, anatabasamu usingizini. Mabula akaondoa gari. Vigelegele! Lambo limepona! Kijiji kizima kikateremka bondeni kikiimba, kwenda kulitazama.

Wakagonga senyenge. Imelizunguka lambo lote, na ndani yake Januarius alikuwa anakaza waya wa mwisho.

"Msivuke, jamani," alisema. "Nilishalinunua mwezi uliopita. Kupata nafasi ya kuzungushia ndiyo ilikuwa shida."

Udongo bado umelowa, nguzo zinang'oka kwa mikono. Vaa kandambili zako, shuka sasa hivi.