Ithibati ya Chuo cha Kaka

Siku hizo huko Aislandi, chuo kikuu kikinyang'anywa ithibati, waliosoma pale walifutiwa vichwani kila walichofundishwa. Elifuraha alisomea uhandisi wa mvuke, na hata Kiaislandi alifundishwa chuoni. Ithibati ilipoondolewa, aliamka asubuhi hawezi kumwomba mkewe Mwaislandi hata maji.

Sasa mdogo wake, Ndeshi, alikuwa amemaliza kozi ya Kiaislandi na alipaswa kuchagua chuo. Walikaa jikoni, majina ya vyuo yaking'aa kwenye skrini juu ya meza.

"Chagua chenye ithibati, mdogo wangu," Elifuraha alimwambia kwa Kiswahili.

"Chako kilikuwa nayo, kaka."

Ndeshi alibonyeza jina la chuo kikongwe kuliko vyote, kwa kuwa hakuwa na sababu nyingine ya kukiamini.

Katla, binti wa Elifuraha, aliingia, akaegemea goti la baba yake na kumsemesha kwa Kiaislandi, lugha pekee aliyoijua. Elifuraha alitabasamu, akampapasa nywele kwa uangalifu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani.

"Amesema nini?" alimuuliza Ndeshi.

Mtoto alikuwa ameuliza kosa lake ni lipi, mbona baba haongei naye tena.

"Anataka maziwa," Ndeshi alisema.

Elifuraha aliinuka upesi, amefurahi kuwa na la kufanya. Akamimina maziwa, akampa. Katla alikunywa taratibu, macho hayamtoki baba yake, akisubiri jibu.