Bati la Tatu

Bati la pili nalo lilikuwa limekwenda. Fabien aliinama nyuma ya baiskeli yake ya injini, akapapasa ncha ya ekzosi, akakuta tundu tupu. Skrubu mbili zilikuwa zimewekwa vizuri juu ya tofali, kana kwamba mwizi aliogopa zisipotee.

"Huyu mutu ni wa namna gani?" alimuuliza mkewe, Felistus. "Anaacha spana, anaacha mafuta, anabeba bati ya maziwa."

Felistus alisema labda mwizi ana mtoto mchanga na hajui kwamba bati ni tupu. Fabien hakucheka. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Tusimlaumu. Miezi mitano aliitumia kuiunda baiskeli ile. Injini ilikuwa ya pampu ya maji iliyotupwa na shamba moja upande wa Mwansabombwe, ndogo, ya mipigo minne, na Fabien aliipenda kwa sababu oili ilikaa kwake na petroli ikakaa kwake, hakuna kuchanganya kwenye chupa. Aliifunga katikati ya fremu, akaweka mnyororo wa pili hadi gurudumu la nyuma. Safari ya kupeleka samaki Mantapala, iliyokuwa ikimmaliza magoti, sasa aliimaliza na shati lake kavu. Kasoro ilikuwa moja tu, kelele. Ilisikika tangu njia panda mpaka ziwani, na kwaya ya jirani ilibidi ibadilishe saa ya mazoezi.

Ndipo akatokea Ba Morgan (huko kila mkubwa huitwa Ba kwa heshima, mume kwa mke), mwenye duka la samaki Kashikishi. Alitaka baiskeli nne kama ile kwa ajili ya wachuuzi wake, ila wao huondoka watu wakiwa bado wamelala, kwa hiyo alitaka injini tulivu. Angekuja Ijumaa saa sita mchana kusikiliza kwa masikio yake. Ikinguruma, kazi angempa Chishimba, fundi wa kuchomelea. Fabien alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kutundika kibao cha karakana yake.

Ndiyo maana akatengeneza bati: kopo la maziwa ya unga, limetobolewa na kujazwa waya wa kusugulia sufuria. Lilifanya kazi vizuri mno. Injini ilikoroma taratibu kama mzee aliyeshiba. Kesho yake bati halikuwapo, na la pili likalifuata.

Fabien alimjua mwizi. Chishimba alipita pale mara tatu kwa siku akitabasamu na kuuliza hali ya injini. Felistus alimkumbusha kwamba mbuzi wao humlilia mgeni yeyote anayeingia uani, na safari zote mbili hakulia. Fabien akajibu kwamba mbuzi yule angeuza nyumba nzima kwa maganda ya mihogo.

Ua wenyewe haukuwa wake. Yeye alitoka Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, akaoa Nchelenge, na kama ilivyo desturi ya huko, mkwe mpya aliishi nyumbani kwa mama wa mkewe, Ba Ireen. Tena kwa desturi hiyohiyo, mpaka ndugu wa mke wamfanyie karamu ya kumwingiza, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, lazima mmoja aingie majanini. Enzi za kukanyaga pedali, Fabien alipokuwa akiibuka kimyakimya kwenye kona, Ba Ireen aliwahi kujitosa na kikapu chake katika dimbwi la kulowekea mihogo. Habari zao zilipitia kwa Felistus, na asipokuwepo, kwa mbuzi. Ba Ireen alimwambia mbuzi kwa sauti kwamba kitoweo kiko chunguni, kwa Kiswahili cha sokoni ingawa mbuzi alikuwa Mbemba, na Fabien akamshukuru mbuzi. Siku hizi za injini mambo yalikuwa yametulia. Kila Fabien aliporudi alikuta ugali wa moto mlangoni, mama mkwe keshaingia ndani.

Ijumaa asubuhi alifunga bati la tatu, akalizungushia waya juu ya skrubu. Felistus alikwenda kliniki kumpimisha mtoto wao. Fabien akatangaza, kwa sauti ya kumfikia Chishimba popote alipo, kwamba anakwenda ziwani kwa miguu. Akazunguka nyuma ya mihogo, akarudi akiwa ameinama, akajibanza ndani ya bafu la nyasi na spana mkononi. Baiskeli nne, kibao, karakana, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye kopo lile.

Saa sita ilikaribia alipozisikia nyayo. Kisha waya ukaanza kufunguliwa, polepole, kwa subira. Mbuzi alikuwa anatafuna tu.

"Chishimba," alisema Fabien, akiruka nje na spana juu, "leo njo nimekushika."

Spana ikaanguka. Fabien aligeuka haraka, akabandika uso kwenye ukuta wa bafu, akafunika macho kwa mikono miwili. Nyuma yake vitenge vilikimbia, na bati likalia kwang'a kwang'a mpaka nyuma ya jiko. Barabarani gari la Ba Morgan lilipiga honi. Bati lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale aliposimama, na hakuweza kulifuata hata hatua moja.

"Mbuzi," ilisema sauti kutoka nyuma ya jiko, ikihema, "ile kintu ikinyamaza, miye nitakimbia saa ngapi?"