Togwa ya Mgeni

Serikali ilifika kijijini na kopo la rangi nyekundu. Bwana afya kutoka Sumbawanga akachora msalaba kwenye kisima, maana dawa ya wadudu ilikuwa imevuja kutoka ghala la ushirika uliokufa.

"Msinywe tena maji haya, mama," akamwambia Coleta, jirani wa kisima.

"Sasa tunywe yapi, baba?"

"Hilo linashughulikiwa."

Coleta akamkaribisha togwa aliyoipika jana kwa maji ya kisima, kama mgeni yeyote. Mgeni akakifikisha kikombe mdomoni, akasita, akakirudisha taratibu juu ya kigoda, povu halijaguswa. Akaaga.

Gari lilipoondoka, binti wa Coleta, mimba yake ya kwanza ikimlemea, akakichukua kile kikombe. Togwa ya mgeni haimwagwi.

Coleta akamdaka mkono.

Binti akamtazama mama yake, akisubiri aambiwe anywe nini.