Hesabu ya Siku ya Tisa

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyofichwa vifuani. Upande mmoja wa meza walikaa maprofesa watatu; upande wa pili, peke yake, alikaa mwombaji wa nafasi ya uzamivu, aliyeitwa Bi Viluwiluwi kwa miaka minne ya kuhesabu viluwiluwi vya mbu maabarani.

"Alama zako zinachechemea, binti yangu," alisema mwenyekiti. "Ni utafiti tu unaokubeba mgongoni. Tusomee hesabu ya siku ya tisa ya jaribio lako."

Binti alifungua daftari lake la maabara. Makala yake iliyochapishwa, iliyokuwa mbele yao, ilisema kumi na tatu. Mwandiko wake ulisema thelathini na moja.

Jasho la kidole likalowesha wino.

"Thelathini na moja," alisema. "Nilikosea kunakili."

Mwenyekiti akavua miwani.

Mola awape utulivu waombaji waliobaki benchini nje ya mlango, wakingoja kuitwa.