Kipima Hatua cha Fundi

Nesi alikuja na cheti cha ushindi cha marehemu mume wangu.

"Pole, mama. Kwenye kampeni yetu ya kutembea, mzee aliwashinda wote. Hatua elfu kumi kila siku! Sijui moyo ulimgomeaje. Tunaomba picha yake tuibandike kliniki, iwahamasishe wengine. Na kile kipima hatua."

Nilikikuta chini ya cherehani aliyokuwa akishonea kutwa, kimefungwa kwa uzi mwekundu kwenye pedali.

Na mimi kila jioni namkanda miguu kwa maji ya moto, eti amechoka kutembea!

Nikaukata uzi kwa meno, kama alivyozoea yeye. Nikapekua albamu nzima.

"Chukua hii," nikamwambia nesi. "Ni hii tu aliyopigwa amesimama."