Hatua Sita

Ijumaa ile Mina aliamka na jambo moja tu kichwani: leo lazima aziue picha zote za mama yake.

Si kwa ubaya, masikini. Mtoto wa miaka saba ana ubaya gani? Ni wivu tu, na wivu wenyewe ulikuwa na sababu. Kabla kamera haijaingia kwenye nyumba yao ya mtaa wa Dunda, Mina alikuwa akilala kifuani mwa mama, akilishwa na mama, akisukwa magotini pa mama mpaka usingizi umchukue. Baba alifariki Mina angali mchanga, kwa hiyo mama alikuwa wake peke yake. Kisha likaja lile sanduku jeusi, mambo yote yakaharibika.

Lilikuwa la Taramati, mke wa Jaysukh mwenye duka la nguo jirani yao. Ilikuwa miaka mitatu baada ya vita vya Hitla. Mama yake Mina, Mwanahija, alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka Dar es Salaam alikokwenda kutazamwa mkono hospitalini. Hata vumbi la safari hajaoga, akaenda kwa Taramati kuomba afundishwe kupiga picha. Makubwa! Majirani walisema wakachoka.

Walifundishana uani. Jua liwe mgongoni. Sanduku ulishike tumboni, uangalie kwa juu kwenye kile kioo kidogo, uzuie pumzi, ubonyeze. Kisha uzungushe ufunguo mpaka namba nyingine itokee kwenye kidirisha chekundu. Na anayepigwa picha asimame mbali, hatua sita.

"Akisogea je?" Mwanahija aliuliza.

"Picha inaharibika. Sura unaona ukungu mtupu."

"Kwa hiyo hata mtoto lazima akae mbali?"

"Hata mtoto."

Mwanahija alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Filamu ya kwanza ilikuwa kichekesho. Picha nane: nne nyeusi tii, mbili watu hawana vichwa, moja mkia wa kuku anayekimbia. Ya nane ndiyo Mina, kasimama wima mlangoni, macho kayatoa. Taramati alicheka mpaka akakaa chini. Mwanahija aliilia picha ile, akaifutika kifuani, asimwonyeshe mtu tena.

Taramati akamwachia sanduku lile, na tangu siku hiyo Mina hakuwa na mama, alikuwa na mpiga picha. Akirudi mbio kutoka chuo cha Kurani, mikono wazi, anasikia, "Hapo hapo, mwanangu! Usisogee! Hatua sita!" Ka! Na siku hizi mama hata ufunguo hazungushi, haraka tupu. Mina akitaka kupakatwa anaambiwa, "Ng'o! Mikono yangu ina dawa ya kusafishia picha. Sumu hiyo." Kwa ajili ya dawa hiyo mama akawa na sahani yake, kikombe chake, na mkeka wake peke yake chumba cha uani. Dawa yenyewe kali kweli, maana Mina alimwona kwa macho yake akiepua sufuria ya moto kwa mikono mitupu, wala hakushtuka. Kusukwa na kulazwa sasa ilikuwa kazi ya bibi, Mwanamkasi.

"Bibi, mama hanipendi tena," Mina alimwambia siku moja akisukwa. "Anaipenda kamera."

Mwanamkasi aliacha kusuka. "Nyamaza, mjukuu wangu," alisema. "Nyamaza tu." Na sauti ilikuwa ya mtu anayelia.

Basi, siku ile ya mafunzo Mina alisikia jambo jingine, akalishika. Taramati alisema filamu haitaki mwanga. Ukifungua sanduku juani, picha zote zinakufa papo hapo.

Ijumaa ile mama alikuwa ndani akifunga furushi, na kamera iko barazani. Mina aliichukua mpaka katikati ya uani, penye jua kali. Akavuta ndoano, akang'oa mfuniko, akachungulia aone picha zinavyokufa.

Hamkuwa na kitu. Filamu hakuna, hata kile kigurudumu cha kuizungushia hakuna. Mlikuwa na vumbi, na pembeni buibui kishatanda utando wake zamani.

Mina aliruka kwa furaha. Kama hakuna filamu, hakuna picha ya kuharibika. Kama hakuna picha, mikono ya mama haina dawa! Alilitupa sanduku, akakimbia.

"Mama! Mama! Ndani hamna kitu!"

Mwanahija alikuwa ametokea mlangoni na furushi lake. Alimwona mwanawe anakuja, mikono wazi, akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, mpaka mgongo ukagota ukuta.

"Mama, mshike!" alimpigia kelele mama yake. "Mshike!"

Mwanamkasi alimdaka mjukuu wake kiunoni, zikiwa zimebaki shubiri mbili tu. Mina alirusha miguu, akalia kilio cha kukata maini. Mwanahija naye alilia pale pale ukutani, na mikono ameificha nyuma.

Nje gari la serikali lilisimama. Akapiga hodi mtu mzima mwenye koti jeupe, akakaribishwa, akamwamkia Mwanamkasi shikamoo. Alichutama mbele ya Mina akamtazama taratibu: masikio, mgongo, viganja, nyayo. Alipoinuka alimgeukia Mwanahija.

"Hana hata baka moja," alisema. "Kule kwenye kambi ya wakoma tunakokwenda ninao watoto kumi na wanne, dada yangu, na mama zao wote waliapa hawatawagusa. Wewe wako ulimzuiaje?"