Mgeni wa Pipani

Homa ya mbu ilikuwa imeshaua watoto wawili mtaani, na sasa Sikudhani, binti wa Mwanahawa, alikuwa ndani akitetemeka. Bwana afya alisimama uani kando ya pipa la maji, ameshika chupa yenye kiluwiluwi mmoja mnene, mwekundu.

"Huyu hula viluwiluwi wenzake," alisema. "Na akiwa mbu, hanyonyi damu."

Akachota viluwiluwi wadogo kutoka pipani, akawamimina chupani. Yule mnene alitulia kama kijiti. Mmoja alipompitia karibu, alimdaka kichwa akamtafuna taratibu hadi mkia. Akamdaka wa pili, wa tatu. Wa nne alimminya tu, akamwacha azame. Wa tano vilevile.

Mwanahawa aliinama kuichungulia chupa. "Ameshiba huyu! Mbona bado anaua?"

"Ndivyo walivyo, mama, wakikaribia kugeuka mbu."

"Nawe wataka nimtie kwenye maji yetu?"

Kabla hajajibiwa, Sikudhani aliweweseka ndani. Mwanahawa akampokonya bwana afya chupa, akafumba macho, akaimimina yote pipani. Alipofumbua, maji yalikuwa meusi, yametulia.

"Mama, nipe maji nijimwagie, naungua," Sikudhani aliita kutoka ndani.

Mwanahawa akachukua kata. Mkono wake ukabaki juu ya pipa, haushuki.